Tupeane uzoefu: Roland S-1 kwa walio nayo mkononi

Fundi_Miksa (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wenye S-1 au wanaoifanyia kazi: kanisani, kwenye bendi, studio ya chumbani. Sifa za kwenye tangazo tumeshazisoma wote, tuziache huko. Leteni mambo ya kazi: nini kinakubali, nini kinagoma, kwa sababu gani na dawa yake nini. Hadithi za ulivyoipata weka pembeni.

Kwa wasioijua: ni sintesaiza ndogo (mashine ya kutengeneza sauti za muziki), ilitoka 2023, ni ya familia ya mashine ndogo za Roland iitwayo AIRA Compact pamoja na J-6, T-8 na E-4. Sauti yake imejengwa juu ya sintesaiza ya zamani ya Roland, SH-101 ya mwaka 1982, ile ya funguo 32 iliyokuwa ikila betri sita kubwa za saizi C na kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. S-1 inatoa noti nne kwa pamoja (ndizo zinazoitwa sauti nne), ina sikwensa (kipanga noti zijipige zenyewe) ya hatua 64, nafasi 64 za kuhifadhi patani (mipangilio ya noti), rivabu (mwangwi wa ukumbi), dilei (mwangwi wa kurudia) na korasi (ya kunenepesha sauti). Betri iko ndani na inachajiwa kwa USB-C.

Naanza na kebo, maana ndiyo inayowafanya watu waseme mashine mbovu.

Tundu la MIX OUT ni la stereo, 3.5 mm. Ncha ya plagi inabeba kushoto, pete inabeba kulia, shina ni ardhi. Tundu la 6.35 mm la chaneli ya miksa kwa kawaida ni la mono lenye waya mbili zinazopingana: miksa inachukua kilichopo kwenye ncha na kutoa kilichopo kwenye pete. Sasa chukua kebo yenye plagi ya stereo pande zote mbili, chomeka. Miksa inatoa kulia kutoka kushoto, na kila kilichofanana pande zote mbili kinafutika. Besi inapotea, sauti kavu (isiyo na mwangwi) inapotea, unabaki na mabaki ya rivabu na korasi yanayosikika kama yanatoka kisimani. Mtu anaongeza geni (ukuzaji wa sauti kwenye miksa), anapata makelele, analaumu kinanda.

Dawa ni kebo ya Y: plagi moja ya stereo ya 3.5 mm upande mmoja, plagi mbili za mono za 6.35 mm upande wa pili. Tumia chaneli mbili, moja ielekeze (pani) kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Chaneli ikiwa imebaki moja, chomeka plagi ya kushoto peke yake, sauti kavu utaipata yote. Usiziunganishe kushoto na kulia waya kwa waya ili upate mono, maana matundu mawili ya kutoa sauti yatakuwa yanasukumana. Ukilazimika, fundi aweke rizista ya kilo-omu 1 kwenye kila upande ndani ya plagi, ndipo waya ziungane baada ya rizista.

Kebo ya 3.5 kwenda XLR (plagi ya maiki ya pini tatu) iliyotengenezwa kwa maiki za kamera nayo ni mtego uleule. Kwenye tundu la maiki pitia DI (kisanduku cha kuunganisha ala na tundu la maiki).

Besi_Nzito

Hapo kwenye kebo umemaliza mkuu. Naongeza moja: kitufe cha sauti cha S-1 kiweke kama robo tatu, kisha panga geni kwenye miksa. Ukikiweka robo na kuvuta geni ya miksa hadi juu, unavuta na mvumo wote.

Upande wa sauti, besi ndiyo kazi yake halali. Kianzio kinachokubali karibu kila spika: hali ya MONO (noti moja kwa wakati mmoja), wimbi la msumeno nusu, oktavu ya chini ya SUB robo tatu, noizi sifuri. Filta (kichujio cha sauti) ifungue kama theluthi moja, ENV ya filta (inavyofunguka noti ikipigwa) robo, atake (muda wa sauti kuinuka) sifuri, dikei (muda wa kushuka) chini kidogo ya nusu, sasteni (kiwango kinachobaki ukishikilia noti) chini, rilizi (mkia baada ya kuachia noti) karibu na sifuri. Rivabu zima kabisa, besi haihitaji ukumbi.

Wanaolalamika kwamba besi inapotea wakipandisha RESONANCE (kikazio cha mlio wa filta), hiyo si hitilafu. Filta za aina hii zinapopandishwa resonansi hupunguza sauti za chini, SH-101 yenyewe ilikuwa hivyo. Ukitaka mlio wa kuminya na besi ibaki, panda resonansi hadi nusu tu, kisha ongeza SUB. Na UNISON isikudanganye ukiwa na hedifoni. Inatumia sauti zote nne kwa noti moja zikiwa zimepishana kidogo, kwenye spika kubwa za ukumbi ule mpishano unaifanya besi iyumbe. MONO inapiga kifuani vizuri zaidi.

Kinanda_cha_Kwaya

Wakuu, nitofautiane kidogo na wanaoiuza kwa wapiga vinanda wa ibada. Sauti nne ni nne. Chodi ya noti tatu mkono wa kushoto na melodi moja kulia, umeshazimaliza. Chodi za gospo za noti tano au sita zitakatwa: noti ya tano ikiingia, mojawapo ya zilizokuwa zinalia inanyamazishwa ili ipate nafasi. Mbaya zaidi ukiwa na rilizi ndefu, kwa sababu noti uliyoachia bado inahesabika mpaka mkia wake uishe. Ndiyo maana padi (sauti laini ya kuvuta) ndefu inasikika inakatikakatika hata ukibonyeza noti tatu tatu. Punguza rilizi, refusha rivabu. Mkia wa rivabu hauhesabiwi kwenye zile sauti nne.

Kubadilisha chodi ya noti tano iwe nne: acha kwanza noti ya daraja la tano kutoka msingi wa chodi, kisha msingi wenyewe ikiwa yupo mpiga besi. Noti za daraja la tatu na la saba ndizo zinazobeba rangi, usiziguse.

Na vile vibonyezo vya mbele si funguo. Vinafaa kuingiza noti kwenye sikwensa na kujaribu wazo. Kwa kupiga mubashara unganisha kinanda cha MIDI (njia ya vyombo vya umeme kutumiana noti).

Nyaya_na_Solda

Kwenye MIDI ndipo pana vurugu, tulieni hapa.

Matundu ya MIDI ya S-1 ni ya 3.5 mm, aina A. Kinanda chako cha zamani kina tundu la duara la pini tano, kwa hiyo unahitaji kibadilishi, na vibadilishi viko vya aina mbili vinavyofanana kwa macho. Aina A, ndiyo iliyopitishwa kuwa kanuni mwaka 2018: pini 5 inakwenda kwenye ncha, pini 4 kwenye pete, pini 2 kwenye shina. Aina B imegeuza hizo mbili za kwanza. Ukichomeka B hakuna kinachoungua, ila hakuna kinacholia. Pima kwa mita ukiwa umeiweka kwenye mlio wa mwendelezo: gusa pini 5 na ncha. Ikilia, ni A.

Ukiamua kutengeneza mwenyewe, angalia namba zilizochorwa kwenye plagi, usihesabu kwa macho. Pini za plagi ya DIN hazikupangwa moja mbili tatu, mpangilio ni 1-4-2-5-3, na ukiitazama kwa nyuma unageuka.

Hakikisha pia chaneli ya MIDI ya kinanda kinachotuma ni ileile S-1 inayosikiliza. Waya ikiwa sawa na bado kimya, mara nyingi ni hapo.

Matundu ya SYNC ni kitu kingine. Yanabeba mapigo ya mwendo peke yake, hayabebi noti. Kama unataka ngoma za T-8 na S-1 ziende pamoja tu, SYNC inatosha. Ukitaka noti, ni MIDI au USB.

Mdau_wa_Kariakoo

USB: kompyuta haioni mashine? Badilisha kebo kabla ya kushika kitu kingine. Kebo nyingi za bei ya chini zinazouzwa na chaja za simu zina waya za umeme tu, za data hazimo. Kuzijua ni rahisi, jaribu kuhamisha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta kwa kebo hiyohiyo.

Besi_Nzito

Kweli. Na mvumo je? Ikichajiwa kwa laptopu huku inapiga, spika zinavuma mmmm. Ikitumia betri, kimya.

Fundi_Miksa

Huo ni mzunguko wa ardhi. Laptopu ina ardhi yake kupitia chaja, miksa ina ardhi yake, S-1 imezikutanisha kupitia kebo ya USB na kebo ya sauti. Kama mlio ni mwembamba na unabadilika ukisogeza mausi, ni kelele za kompyuta yenyewe zinazopita njia hiyohiyo.

Jaribu kwa mpangilio huu: chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukiisha, umeshajua chanzo. Kisha chomeka chaja na miksa kwenye ekstensheni moja. Bado upo? Weka DI mbili zenye transfoma, kushoto na kulia, na bonyeza swichi ya kuinua ardhi. Kusiwe na mtu wa kukata pini ya ardhi ya plagi ya miksa au ya amplifaya. Mvumo utaisha kweli, lakini siku kifaa kikivuja umeme, njia yake itakuwa ni mwimbaji aliyeshika maiki.

Onyeshoni iendeshe kwa betri. Kampuni inasema kama saa nne na nusu, hiyo inatosha sherehe ya kawaida ikiwa iliingia imejaa.

Umeme_Ukirudi

Powabanki inakubali, ila ziko zinazojizima zenyewe zikiona mkondo mdogo. Betri ya ndani ikishajaa S-1 inavuta kidogo sana, powabanki inadhani kazi imeisha. Si tatizo, mashine inaendelea na betri yake, jua tu kwamba baadaye utaibonyeza tena powabanki.

Kuhifadhi: betri ya lithiamu haipendi kulala tupu wala kulala imejaa kwenye joto. Kama haitumiki kwa miezi, iache kwenye nusu na uikumbuke kuichaji mara mojamoja. Dashibodi ya gari juani ni mwiko. Wa Pwani, chumvi na unyevu vinashambulia matundu kwanza. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu.

Mwendo_Kasi

Kwa wa singeli. Mwendo wa mapigo 200 kwa dakika na kuendelea usikimbilie kuuweka kwenye tempo moja kwa moja. Wimbo wa 220 uandike kwa 110. Kila pigo la wimbo linakuwa hatua mbili badala ya nne, na hatua 64 zinakupa baa nane badala ya nne. Pale unapotaka noti za harakaharaka ndani ya hatua, tumia sub-step igawe hatua hiyo mara mbili.

Angalia na rilizi: kwenye 220 pigo moja ni kama sekunde 0.27, nusu pigo 0.14. Sauti yenye mkia unaozidi hapo inapanda juu ya inayofuata, mchanganyo unakuwa uji.

Kwa chakacha na ngoma za 6/8: weka urefu wa patani hatua 48, si 64. Kila hatua ihesabu kuwa theluthi ya pigo kubwa. Ukiunganisha na kompyuta au ngoma za umeme, tempo ya mashine ni pigo kubwa mara 0.75. Pigo kubwa la 120, mashine inasoma 90. Ukisahau hiyo hesabu, vitu vyote vinakimbia pamoja lakini havikutani.

Na sevu patani kabla ya kuzima. Haikuulizi.

Oud_na_Kinanda

Wa taarabu mnaouliza robo toni za Rast na Bayati (ngazi za muziki wa Kiarabu): inawezekana kwa kupitia kompyuta, kwa melodi ya noti moja moja tu. Njia ni pichi bendi (amri ya kuvuta noti juu au chini). Thamani zake zinaanzia 0 hadi 16383, katikati ni 8192. Kama bendi imewekwa toni moja nzima kila upande, yaani semitoni mbili, robo toni ni hatua 2048. Mi ya Bayati inayoanzia Re: piga Mi ya kawaida na uweke bendi 6144. Noti inayofuata irudishe 8192.

Pima kwanza upana wa bendi kwa tyuna: tuma 16383 juu ya Do. Ikisoma Re, hesabu hiyo ni sahihi. Ikisoma kitu kingine, gawa upya.

Mambo mawili yanaharibu. La kwanza, bendi inavuta noti zote za chaneli kwa pamoja, kwa hiyo chodi hapana. La pili, ukirudisha bendi wakati mkia wa noti bado unalia, unasikika unateleza. Rilizi fupi, na tukio la bendi liwe mbele ya noti kwa unywele tu.

Mgeni_wa_Sauti

Wakuu nashukuru, bado sijanunua. Bei vipi, na ya mkononi nikague nini?

Mdau_wa_Kariakoo

Bei ya kutangazwa Marekani ilikuwa karibu dola 200. Ukiagiza, forodha wanakadiria thamani ya mzigo, kisha VAT juu yake: Tanzania asilimia 18, Kenya 16. Kwa ndege msafirishaji aandike betri ya lithiamu iliyo ndani ya kifaa, namba UN 3481. Mzigo usioandikwa unaweza kukwama.

Ya mkononi nenda na hedifoni zako na kebo yako ya USB yenye data. Iwashe bila chaja kwanza, iache ilie wakati unakagua. Zungusha kila kitufe taratibu huku noti inalia, kinachokwaruza au kuruka thamani kina vumbi au kimechoka. Bonyeza vibonyezo vyote kimoja kimoja kwenye sikwensa. Tikisa plagi kidogo ndani ya MIX OUT. Sikio moja likikatika, solda ya tundu imelegea, inatengenezeka lakini shusha bei. Chomeka kwenye laptopu uone kama inatambulika. Kama muuzaji anasisitiza ijaribiwe ikiwa kwenye chaja tu, huenda betri imekufa, na haikutengenezwa ili mtumiaji aibadilishe mwenyewe.