Safari ndefu ya baiskeli tambarare: maji lita ngapi, spea zipi?

Njia_Nyeupe
Wakuu, naomba ushauri wa wazoefu. Napanga safari ya kama kilomita 700 kwenye nyanda tambarare: vijiji vya hapa na pale, miji midogo iliyoachana kilomita 40 hadi 90. Nusu lami, nusu changarawe, miiba ipo. Fremu ya chuma, rimu za 700, tairi za milimita 42, spoku 36 nyuma, mzigo kilo 18. Kwa kuwa hakuna milima nimepiga hesabu ya kilomita 100 kwa siku. Nibebe maji lita ngapi na spea zipi? Na tairi zisizo na tyubu zinafaa?

Pima_Upepo
Mkuu, panga kwa saa, si kwa kilomita. Mlima ukiumaliza unateremka. Upepo wa mbele unaweza kukukalia kifuani kutwa nzima. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga, haujali magurudumu yanakwenda kasi gani. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa hewa ikiwa imetulia, akipigwa usoni na upepo wa 15, kwa nguvu ileile atabaki na 12 au 13 hivi. Kilomita 90 zilizokuwa za saa nne na nusu zinakuwa za saa saba.

Sasa rudi kwenye maji. Jua likiwa kali, hesabu kama mililita 750 kwa saa. Kipande kilekile kilichotaka lita tatu na nusu sasa kinataka zaidi ya tano. Kwa hiyo soma utabiri wa upepo kwanza, ndipo ujaze chupa, na uongeze lita moja ya akiba. Mji kwenye ramani usiuhesabu kama kituo cha maji mpaka uwe na uhakika; mingine ni njia panda tu yenye jina.

Kwa kawaida upepo hulala alfajiri na kupanda jua likishapasha ardhi, basi vipande virefu vianze kabla hakujapambazuka vizuri, taa zikiwaka. Na kama unaweza kuanza safari upande wowote, chagua ule utakaokupa upepo wa msimu mgongoni.

Usinywe maji matupu saa sita mfululizo, chumvi ya damu inazimuka. Chupa mojawapo iwe na mchanganyiko: lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Spoku_Tatu
Upande wa vyuma. Spoku inayokatika mara nyingi ni ya gurudumu la nyuma upande wa mnyororo, nyuma ya kaseti (fungu la gia za meno kwenye gurudumu la nyuma), na bila kifaa cha kufungulia kaseti huipachiki. Pima urefu wa aina zote tatu (mbele, nyuma kushoto, nyuma kulia), beba mbili za kila aina, zifunge kwa tepu kwenye fremu. Ikikatika porini, zungushia kipande kwenye spoku ya jirani, kisha legeza nusu mzunguko zile mbili jirani zinazovuta upande wa pili. Rimu itarudi katikati kiasi cha kutogusa breki.

Changarawe yenye matuta hulegeza bolti za keria. Zitie gundi ya nyuzi za bolti, ile ya kuzuia zisilegee, kabla ya kuondoka, na kila jioni zipitishie spana. Beba bolti mbili za ziada, zile za milimita 5.

Mnyororo: pingili 12 kamili ni milimita 304.8. Zikifika 307, badilisha kabla ya safari, la sivyo utakula meno ya kaseti.

Njia_Nyeupe
Asante sana. Na pancha?

Pima_Upepo
Kwenye miiba, tairi bila tyubu ni nzuri. Mililita 80 hivi za dawa ya maji ya kuziba matundu ndani ya kila tairi, na tyubu moja ya akiba.

Spoku_Tatu
Sipingi, ila kwenye joto dawa hukauka ndani ya miezi michache, na mji mdogo hauna ya kuongezea. Kwa mtu asiyeizoea bado napendekeza tyubu. Beba mbili, viraka kumi, na solusheni ndogo mbili, kwa sababu ikishafunguliwa hukauka. Angalia na tundu la rimu: lililotobolewa kwa valvu nyembamba halipitishi valvu ya aina ya gari, ambayo ndiyo rahisi kuipata.

Kabla ya kubandika, soma tundu. Matundu mawili sambamba: upepo wa tairi ulikuwa mdogo, rimu imebana tyubu. Kwa mzigo wako anza na upepo wa psi 50 (kipimo cha pampu) nyuma, 40 mbele. Tundu upande wa rimu: utepe wa rimu umehama. Tundu upande wa barabara: mwiba, na huenda bado umo, pitisha kitambaa ndani ya tairi, utaunasa. Piga msasa, paka solusheni nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, subiri dakika tano. Viraka vingi hubanduka kwa sababu vimewekwa solusheni ikiwa mbichi.

Pima_Upepo
Nyongeza: tambarare hukuacha umekaa vilevile kwa saa nyingi. Inuka kwenye siti kila dakika 15, badilisha mshiko. Kidole kidogo na cha pete vikifa ganzi, angalia pua ya siti. Ikiinama, uzito wote unahamia viganjani.