Naomba ushauri: mwanangu ana sikoseli, mama mkwe kamfunga hirizi, kikundi cha maombi wanataka niache dawa

MamaWawili (mleta mada)

Habarini za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya tu humu ndani, leo imebidi niandike maana nimebanwa pande zote na mume wangu yuko machimboni.

Mwanangu wa pili ana miaka minne. Tangu akiwa mchanga alikuwa anavimba viganja na nyayo, macho yanakuwa ya njano, usiku analia mpaka unachanganyikiwa. Zahanati kila tukienda ni malaria, anapewa dawa tunarudi. Mwaka jana ndipo hospitali kubwa wakampima wakasema ni sikoseli. Anatumia foliki na penisilini, na wamemuanzishia haidroksiurea. Nafuu ipo, naiona. Ila mwezi uliopita maumivu yalimpanda, tukalazwa, akaongezewa damu.

Tuliporudi ndipo vita vikaanza. Tunaishi boma moja na mama mkwe, huku Shinyanga vijijini. Anasema hiyo sikoseli ni jina la hospitali tu, kwenye ukoo wao watoto wamekuwa wakifa hivyo hivyo tangu zamani, kuna babu anadai. Alienda kwa mganga bila kuniambia, kuku akapasuliwa, ramli ikasema mtoto abadilishwe jina apewe la babu na itolewe mbuzi. Nimetoka gulioni nakuta mtoto kafungwa hirizi kiunoni. Nikigusa tu, anasema mtoto akifa ni mimi nimemuua.

Upande wa pili kuna kikundi chetu cha maombi, si cha kanisani, ni cha mtaani. Kiongozi wetu anasema vidonge ni kumtegemea mwanadamu ndiyo maana muujiza haushuki. Niache dawa, nimpake mafuta yanayotoka kwa nabii mmoja mjini, chupa shilingi elfu hamsini. Akanisomea habari za mfalme Asa, aliumwa miguu akawatafuta waganga, yaani matabibu, badala ya Bwana, akafa.

Mimi nimeokoka. Nataka kumtumaini Mungu, sitaki sanamu nyumbani kwangu. Swali langu: katika haya yote sanamu ni ipi? Hirizi naijua. Je, dawa? Je, mafuta? Na nikiikata hirizi nitaishije humu ndani? Matusi sitaki, naombeni hekima.

Bwege Mtozeni

Pole sana dada. Vidonge usiache. Mengine waje wakubwa.

NesiZamuUsiku

Mama, naanza na dawa kwa sababu hapo hakuna muda wa mjadala. Penisilini kwa mtoto wa sikoseli wa umri huo inamkinga na vijidudu vinavyoua haraka, maana bandama lake haliwezi tena kazi hiyo. Haidroksiurea inapunguza yale maumivu na haja ya kuongezewa damu, lakini inafanya kazi kwa kumezwa kila siku, na lazima aende kliniki apimwe damu. Ukiikatisha leo hutaona kitu kesho, ndiyo maana watu wanadanganyika kwamba mafuta yamefanya kazi. Wiki kadhaa mbele mtoto anarudi wodini.

Homa kwake si jambo la kusubiri asubuhi. Ikifika nyuzi 38, ni hospitali usiku huo huo. Maji anywe sana, asipigwe na baridi, alale kwenye chandarua.

Na hilo la watoto wa ukoo kufa tangu zamani, mama mkwe wako hasemi uongo. Ameona sawasawa, ila aliyemtafsiria ndiye kakosea. Sikoseli ni ya kurithi. Baba ana kinasaba kimoja cha ugonjwa, mama ana kimoja, wote wazima hawaumwi, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kanda ya Ziwa ndiko tuliko na wengi zaidi nchini, kwa sababu mwenye kinasaba kimoja anakuwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, basi kimeendelea kuishi kwetu vizazi na vizazi. Wale watoto waliokufa zamani inawezekana kabisa walikuwa na ugonjwa huu huu na hapakuwa na wa kuwapima. Babu hadai kitu.

Mjukuu wa Chifu

Mnajifanya wasomi. Kuna magonjwa ya hospitali na kuna magonjwa ya nyumbani. Wazee wetu waliishi na mizimu yao kabla ya hizo biblia kushuka melini, na ukoo haukuisha. Mbuzi mmoja ni nini? Toa mbuzi, meza vidonge, nenda kanisani Jumapili. Kote kote.

NesiZamuUsiku

Kote kote ndiyo inayotuletea watoto wakiwa wamechanjwa chale tumbo zima, damu yenyewe haitoshi. Naongea ninachokiona wodini.

Mchunga Kondoo wa Kijijini

Dada MamaWawili, mimi ni mchungaji, kanisa dogo tu la bati. Mjukuu wa Chifu amesema wazi kile ambacho wakristo wengi tunafanya kwa siri, kwa hiyo namshukuru. Hiyo kote kote ndiyo Eliya aliyowauliza Israeli pale Karmeli, mtasitasita katikati ya mawazo mawili mpaka lini. Na walikuwa kwenye njaa na ukame, si kwenye raha. Watu hawakimbilii Baali mvua ikinyesha.

Sasa hilo la Asa. Kiongozi wenu kasoma mstari mmoja, wewe soma sura nzima, 2 Nyakati 16. Kabla ya ugonjwa, Asa alichukua fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana akamhonga mfalme wa Shamu amsaidie vitani. Mwonaji Hanani alipomkemea, akamtia gerezani. Ugonjwa wa miguu unakuja mwishoni mwa maisha ya mtu aliyekwisha kumfukuza Mungu kwenye kila shauri lake. Kosa lake linasemwa pale pale, kwamba hakumtafuta Bwana. Wewe unayelia usiku kwa maombi na asubuhi unampa mtoto penisilini, unafananaje na huyo?

Mpelekee kiongozi wenu mfalme mwingine, Hezekia. Katika 2 Wafalme 18 anaivunja nyoka ya shaba, ile ile ambayo Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu kule jangwani na watu wakapona. Ilikuwa ya Mungu kweli! Lakini watu wakaanza kuifukizia uvumba, akaivunja. Sura mbili mbele Hezekia huyo huyo anaumwa karibu kufa. Analia, anaomba, Mungu anamjibu kwamba atamponya. Halafu Isaya anasema, leteni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu. Mvunja sanamu anabandikwa dawa na nabii, baada ya maombi kujibiwa. Hakuna aliyemwambia tini ni kumtegemea mwanadamu.

Kwa hiyo dawa si sanamu kwa sababu ni dawa, na mafuta si salama kwa sababu yana jina la Yesu kwenye kibandiko. Yakobo 5 anasema wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta kwa jina la Bwana. Sisi tunafanya, na hatuchaji hata senti. Mafuta yakianza kuuzwa kwa chupa, ukaambiwa nguvu imo mle ndani na usipoyanunua Mungu haji, hiyo ndiyo nyoka ya shaba. Mganga anataka mbuzi, huyu anataka elfu hamsini, na wote wawili wanakuahidi kitu ambacho Mungu mwenyewe hakukuahidi: kwamba ukilipa, matokeo unayashika wewe.

Abu Salha

Mimi ni muislamu, nimepita tu. Hata kwetu Mtume amesema mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Wanaouza hirizi zenye aya wapo mitaani kwetu pia, tusinyoosheane vidole. Allah amponye mtoto.

Dereva wa Lori

Wakuu tusisahau haraka. Mwaka 2011 mimi nilipeleka watu Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo kwa shilingi 500. Foleni ya magari siku na siku porini, wagonjwa wanatolewa hospitalini na dripu zao. Wapo walioacha dawa zao wakijua wamepona. Na mzee mwenyewe alikuwa mchungaji mstaafu, si mganga wa tunguli. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye mkanyagano wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wakristo, wametoka kwenye ibada. Sina maneno ya biblia kama mtumishi hapo juu, ila shida ikikubana akili inahama kwanza, imani inafuata.

KataMoto

Ikate leo usiku utupe chooni. Mambo ya kubembeleza mapepo hapana. Ukiogopa binadamu huwezi kumtumikia Mungu.

Wifi Mkubwa

KataMoto una mama mkwe wewe? Unakaa boma moja naye? Kukata ni dakika moja, kesho yake nani anabaki na mtoto yeye akienda shamba? Bibi huyo huyo. Atafunga nyingine mahali usipopaona. Dada, mpigie mumeo kwanza. Mtoto ni wa kwake na mama ni wake. Asimame yeye mbele ya mama yake aseme, nyumba yangu hatufungi hirizi. Ukikata wewe utaitwa mwanamke aliyekuja kuharibu ukoo.

KataMoto

Sijaoa bado.

Wifi Mkubwa

Nilijua.

Mchunga Kondoo wa Kijijini

Nakubaliana na Wifi, na hata Gideoni yuko upande wake. Alipoambiwa abomoe madhabahu ya Baali ya baba yake aliogopa watu wa nyumbani, akaifanya usiku. Mungu hakumkemea kwa kuifanya usiku. Asubuhi wanaume wa mji wakaja kutaka auawe, na aliyemtetea ni Yoashi, baba yake, mwenye madhabahu! Akawaambia, kama Baali ni mungu na ajitetee mwenyewe. Hujui bado mama mkwe wako atasimama wapi siku ya siku. Anamfunga mjukuu hirizi kwa sababu anampenda na anaogopa. Anza hapo ukiongea naye.

MamaWawili

Asanteni jamani, nimesoma zote. Mchungaji nimeelewa habari za dawa na mafuta. Lakini kuna kitu nashindwa kukisema hata kanisani. Naogopa. Nikiikata ile hirizi, nikakataa mafuta, nikabaki na maombi na vidonge, halafu mtoto akafa? Wote watasema nilimkataza babu na nikamkataza nabii. Na mimi nitamuuliza Mungu nini?

Anitha wa Bariadi

Dada naomba nikujibu mimi.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na ugonjwa huo huo. Alifariki ana miaka sita, nyumonia, tulikuwa hospitali tayari. Hatukwenda kwa mganga. Walisema yote hayo unayoogopa, tena msibani, chakula kikiwa mkononi. Sitakudanganya kwamba maneno yale hayaumi.

Nilikuwa na hasira na Mungu muda mrefu, nikawa naenda kanisani nakaa tu. Mama mmoja mzee akanisomea Danieli 3. Mimi siku zote nilijua ile ya Mungu wetu anaweza kutuokoa na tanuru, ndiyo inayoimbwa. Yeye akanisomea mstari unaofuata: "Bali kama si hivyo." Wale vijana walimwambia mfalme aliyetaka kuwatupa motoni kwamba hata Mungu asipotuokoa, sanamu yako hatuisujudii. Walisema hivyo wakiwa hawajui kama watatoka. Nilikasirika kwanza, nikaona ni maneno ya mtu asiyezika mtoto. Baadaye ndiyo hayo pekee niliyobaki nayo, kwa sababu ahadi nyingine zote nilizopewa na watu zilikuwa za kupona.

Kama ningekwenda kwa mganga mtoto akafa, mganga angesema mbuzi hakutosha. Kama ningenunua mafuta, nabii angesema imani yangu ndogo. Mungu hajaniambia lolote kati ya hayo mawili. Naweza kumlilia bila kuambiwa deni langu ni kiasi gani. Sasa hivi nina watoto wengine wawili, mmoja naye ana sikoseli, yuko darasa la tano.

Muulize Mungu chochote unachotaka kumuuliza. Zaburi zimejaa maswali hayo.

Dereva wa Lori

Anitha, pole. Nimesimamisha gari kusoma hii.

Mjukuu wa Chifu

Pole mama. Mimi msimamo wangu ule ule, lakini pole.

MamaWawili

Anitha nimelia, asante. Nimekutumia ujumbe.

Mrejesho kidogo wakuu. Nimeongea na mume wangu jana usiku, mtandao unakatika katika lakini tumeelewana. Kumbe yeye naye alifungwa hirizi utotoni, na kaka yake aliyemfuata alifungwa hivyo hivyo na akafa. Hajawahi kuniambia. Anakuja Jumamosi, amesema ataitoa yeye mbele ya mama, na jina la mtoto halibadilishwi. Mbuzi amesema atachinjwa Krismasi aliwe na majirani, babu kama anataka nyama aje mezani. Mama mkwe leo hajanisalimia ila uji wa mtoto kaupika. Kikundi cha Jumatano nimewaambia siendi tena, nimepigiwa simu kwamba nimerudi nyuma kiroho.

NesiZamuUsiku

Safi. Na akija Jumamosi asirudi machimboni bila nyinyi wawili kupima vinasaba, na bibi mwende naye kliniki akasikie kwa masikio yake, wengi wakichorewa ukoo kwenye karatasi wanaelewa kuliko sisi. Huyo mkubwa alishapimwa?

MamaWawili

Hapana, yeye hajawahi kuumwa sana. Jumatatu nakwenda nao wote.