HAWA JAMAA WAMENIAIBISHA MBELE YA WATOTO, SIWASAMEHI

Chalii wa Kijenge:
Wakuu nina hasira hapa hata chai haipiti. Hawa jamaa mnawajua, sina haja ya kuwataja. Ule mtandao wa nyimbo ambao ukijiunga tu unakuta tayari una rafiki mmoja, mzungu wa fulana nyeupe anakuchekea juu ya bega. Hao hao, MySpace.

Leo kijiweni vijana wanabishana nani kaanza kuchana hapa Chuga. Nikawaambia nimechana kabla hamjaota meno. Wakacheka. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wangu. Jina langu lipo. Jina la wimbo lipo. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya! Dogo mmoja akasimama, AKAVUA KOFIA, akasema, "Wazee tusimame dakika moja, tumkumbuke marehemu." Na wakasimama! Mpaka muuza kahawa kasimama!

Wimbo ule niliupandisha kafe, enzi mkonga wa baharini haujafika. Unaacha faili linapanda, unaenda kula ndizi, unarudi umeme umekatika, unaanza moja. Mbuzi wa bibi waliishia pale. Leo naambiwa eti walikuwa wanahamisha seva. Mimi nimehama Sakina kuja Kijenge kwa guta, hata kijiko hakikupotea!

Alivua kofia, wakuu. Kofia.

Mangi wa Majengo:
😂😂 Huyo dogo aje Moshi, soda juu yangu.

Fundi Seva:
Punguza jazba mkuu. Ilitangazwa 2019, zilipotea nyimbo milioni 50 hivi za wasanii milioni 14, zote za 2003 mpaka 2015. Na hao MySpace wenyewe walishakufa zamani. Kampuni ya Murdoch, yule tajiri wa magazeti, iliwanunua 2005 kwa dola milioni 580, ikaja kuwauza 2011 kwa milioni 35. Kurasa zilijaa matangazo, ukifungua ya mtu wimbo unalipuka wenyewe, kafe nzima inageuka kukuangalia. Facebook ikawapita hivi hivi wanaona. Angalia Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, kuna nyimbo 490,000 ziliokolewa.

Chalii wa Kijenge:
Nimeingia. Wazungu wanapiga magitaa kama wamekanyagwa. Mimi simo.

MamaMtori:
Pole kaka. CD ya studio je?

Chalii wa Kijenge:
Studio siku hizi ni duka la vifaranga, dada. Nimeenda kuuliza, nikauziwa pumba.

Mangi wa Majengo:
Wenzako X Plastaz walichanganya hip hop na uimbaji wa Kimasai wakafika nao Ulaya, na nyimbo zao zinasikika mpaka leo. Wa kwako umeliwa na kuku. Hebu tuandikie hapa mstari mmoja.

Chalii wa Kijenge:
Mangi usinichokoze. Wewe ulivuliwa kofia?

Mangi wa Majengo:
Hajaukumbuka huyu 😂

Dereva wa Hiace:
Nyie afadhali, wimbo umepotea na habari imeisha. Mimi kuna hawa wa laini za simu, nao mnawajua, wameniwekea wimbo mtu akinipigia, sijauomba, na kila siku wanakata hela. Abiria mzima ananiambia dereva, simu yako inalia taarabu.

Fundi Seva:
Tuma neno ONDOA.

Dereva wa Hiace:
Nilituma. Wakanikata ya kuondoa, kesho yake wakaniwekea mwingine.

Chalii wa Kijenge:
Wakuu turudi kwenye mada.

Mangi wa Majengo:
Mimi walinikata mpaka hela ya kununulia luku. Nikapiga huduma kwa wateja, nikawekewa muziki robo saa.

MamaMtori:
Wangu ni kwaya. Baba watoto akipiga anasikiliza mpaka ubeti wa pili, halafu akifika nyumbani ananuna kwamba sikuwahi kupokea.

Dereva wa Hiace:
Kwaya gani dada? Nami nataka, nimechoka na taarabu.