Tupeane uzoefu: Mnyama wako alipouawa mchezoni, ulimrudishaje?

Ndugu zangu, mimi na wenzangu wanne hucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia na kuigiza wahusika, hapa Sinza kila Jumamosi, na mhusika wangu ni mwindaji anayeandamana na chui jike aitwaye Bahati. Wiki iliyopita zimwi lilimuua Bahati akinikinga, na kwa kuwa kuhani wetu alikuwa mbali, ikapita ile dakika 1 ambayo angeweza kumfufua kwa almasi za sarafu 300. Imebaki njia ya almasi ya sarafu 500, inayomkubali marehemu asiyezidi siku 10, nasi mchezoni tuko siku ya 6; lakini sharti lake ni kwamba roho yenyewe iridhie kurudi. Msimamizi wa mchezo, anayesimulia na kuamua yanayotokea, ameniuliza ni nani atakayemjibia chui, nami nimekosa la kusema. Kanuni za mwaka 2014 zinaniruhusu kutumia saa 8 kufungamana na mnyama mwingine, ila namtaka huyu huyu. Ninyi mlifanyaje?

Mchangiaji wa Kariakoo:
Pole sana, ndugu. Mimi nina mchawi mwenye bundi, ambaye akishindwa hutoweka tu na huitwa upya kwa ibada ya saa 1, kwa kuchoma mkaa, ubani na mitishamba ya sarafu 10 katika chetezo cha shaba. Alipotoweka mara ya tatu niliazima chetezo cha bibi, tukafukiza ubani wa kweli mezani. Bibi alishangaa kuona mjukuu wake akimwita bundi, ndege ambaye yeye humfukuza akisikika juu ya paa, lakini alikaa nasi hadi mwisho.

Mchangiaji wa Mbagala:
Mimi ni msimamizi. Kanuni zilizoongezwa mwaka 2020 humruhusu mwindaji kumgusa mnyama wake ndani ya saa 1 na kutoa sehemu ya nguvu zake za uganga, na baada ya dakika 1 mnyama huinuka akiwa mzima kabisa. Mezani kwangu sizitumii, kwa sababu naona zinakifanya kifo kuwa chepesi mno. Nilikuwa na mchezaji aliyemtanguliza mbwa wake kila palipohisiwa mtego. Mbwa alipokufa, kuhani alitoa almasi na kukamilisha ibada ya saa nzima, nami nikatangaza kwamba roho ya mbwa imefika mlangoni, imemtazama bwana wake, imegeuka. Mchezaji alilia, na sijutii uamuzi ule. Kwa hiyo, ndugu wa Sinza, mweleze msimamizi wako jinsi ulivyoishi na Bahati. Hilo ndilo jibu la chui.

Mwanzisha mada:
Ahsanteni sana. Jumamosi nilisimulia usiku tuliolala njaa nikampa Bahati nyama yangu, na jinsi nilivyombeba mgongoni alipovunjika mguu, na msimamizi akamrudisha bila kurusha dadu. Amerudi akiwa dhaifu, na kila dadu anayorusha hupunguzwa 4, upungufu unaoshuka kwa 1 kila tunapopumzika usiku mzima. Sasa umebaki 2, na kundi zima limekubali kutoingia pangoni hadi zipite siku mbili nyingine.