Kaye yangu inajaa siku za balaa tu

Mshonaji wa Ndosho (Goma)

Wapendwa, nisaidieni. Ninashona nguo hapa Ndosho. Nina kaye (daftari) ya kurasa 96 niliyoianza usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na mbingu yote ikawa nyekundu. Nimekaa juu ya furushi, usingizi hakuna, nikavuta kaye ya hesabu ya mtoto nikaandika saa na vitu tulivyobeba. Tarehe 27 walipotangaza sehemu kubwa ya mji ihame, nikaandika safari nzima hadi Sake: kilomita 25 hivi kwa miguu, kichwa cha cherehani mgongoni mwa shemeji, na mama akiuliza kila hatua kama nimefunga mlango.

Tuliporudi Juni, kurasa 31 zilikuwa zimejaa. Tangu hapo nimeandika nne. Nne! Na zote ni za siku mbaya. Za mwanzo wa 2025, vita vilipoingia mjini, mnazijua, sirudii.

Siku za kawaida nikishika biki, sina la kusema. Nimeshona sare mbili, nimepika sombe (majani ya muhogo), umeme umekatika. Nani atasoma hayo? Ila hamu ninayo. Volkano ya tarehe 17 Januari 2002 ilifunika nyumba yetu ya Murara nikiwa na miaka tisa. Mama anasema Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, tulilala siku mbili, uwanjani kwa kanisa. Mama mdogo anasema siku nne, kwa mwenyeji mwenye mbwa. Kila Noeli wanabishana hilo. Mimi nakumbuka harufu ya soli ya kiatu changu tu. Hakuna aliyeandika hata mstari.

Pikipiki ya Katindo

Dada, mimi si mtu wa vitabu. Nina kidaftari cha mapato mfukoni, maana pikipiki si yangu na jioni bosi anataka pesa yake. Siku moja nikaandika kando ya hesabu: "Mama na kuku watatu. Mmoja amekufa njiani, amekataa kulipa." Nikacheka peke yangu. Sasa kila siku naandika abiria mmoja.

Ukingoja wakati wa kukaa chini uandike, hautakuja. Wewe si unaandika vipimo vya wateja? Ongeza mstari hapo hapo chini ya kiuno na mabega.

Na majina usiyaandike kamili. Kwa mji wetu huu, kaye inaweza kusomwa na mtu ambaye hukumkaribisha.

Mama wa Ibanda

Mimi niliacha siku mume wangu aliposoma yangu kwa sauti mbele ya mawifi. Nafuatilia majibu tu.

Mwalimu mstaafu, Kadutu (Bukavu)

Binti yangu, mimi kila jioni naandika mistari mitatu: mvua, bei moja ya sokoni, na mtu mmoja aliyebisha hodi. Mvua siiruki. Hapa Kadutu ukisahau mvua ya jana, mlima unakukumbusha.

Kuna siku mistari hiyo inanichosha hata mimi, sikufichi. Lakini nimesoma swali lako mara mbili. Mama zako wanabishana juu ya safari, kwa sababu safari angalau wanaikumbuka. Hebu waulize nyumba ya Murara ilikuwa na mlango wa rangi gani. Uliza walikula nini Jumatano, siku moja kabla. Kisha rudi utuambie.

Mshonaji wa Ndosho (Goma)

Mwalimu, nimeuliza. Mama alinyamaza hadi nikadhani nimemkosea. Halafu akasema mlango ulikuwa wa kijani, baba aliupaka rangi iliyobaki kwenye mtumbwi wa jirani, na ulinuka samaki mwezi mzima. Akaendelea hadi makaa yakazimika jikoni: mahali nilipokuwa nalala, kikombe changu cha bati, mti wa parachichi ambao mimi sikuwa naukumbuka kabisa. Chakula cha Jumatano hakijui.

Jana usiku mama mdogo amepiga simu. Anasema mlango ulikuwa wa buluu.

Nimeandika rangi zote mbili, ukurasa wa 36. Chini yake nimeongeza wa kwetu wa sasa: bati tupu, hauna rangi, na kitasa kinakwama mvua ikinyesha.