Kamera ya mfukoni au lile lidude la zumu kubwa? Natafuta ya kazi ya mbugani

Mwana wa Sanawari

Wakuu habari za saa hizi. Nipo Arusha, nimeanza kazi ya kuongoza wageni mbugani, mara nyingi napelekwa Tarangire, Manyara na Ngorongoro, Serengeti mojamoja. Nataka kamera yangu mwenyewe maana simu imeshanishinda, mnyama akiwa mbali ukivuta unapata uji mtupu.

Nimebaki na mbili kichwani. Ya kwanza Canon SX740 HS, inaingia mfukoni, zumu mara 40. Ya pili Nikon P950, hizi wanaita briji, zumu mara 83 lakini lidude kweli, kilo nzima. Bajeti kama milioni mbili, nikijikamua naongeza kidogo. Kazi yake ni ndege na wanyama wa mbali, niwaoneshe wageni palepale, picha nyingine niwarushie WhatsApp, na jioni nikae nijifunze majina ya ndege maana huko ndiko naumbuka. Naendesha mwenyewe, msisahau hilo.

Kinachonichanganya nasikia sensa (kile kibamba cha ndani kinachonasa picha) za hizi kamera zinalingana ukubwa, sasa hela yote ile naongezea nini? Na tafadhali msinitajie DSLR, sina hela ya malenzi na sitaki kubadilisha lenzi kwenye vumbi la Tarangire.

Tumbusi Mzee

Kwanza mdogo wangu achana na hizo "mara". Mara 40 maana yake mwisho wa zumu umezidi mwanzo wa zumu mara 40, basi, haikwambii mnyama ataonekana mkubwa kiasi gani. Angalia milimita za lenzi, zikiwa nyingi ndivyo mnyama anavyotoka mkubwa. SX740 inaanzia 24 inaishia 960. P950 inaanzia 24 hiyohiyo inaishia 2000. Kwa hiyo ndege yuleyule, mti uleule, kwenye P950 anatoka mrefu mara mbili na ushee ndani ya picha. Hapo ndipo hela inapoenda, kwenye vioo, na vioo ndivyo hivyo vizito.

Sensa ni kweli zinalingana, zote zile ndogo zinazoitwa za inchi 1/2.3, karibu milimita 6 kwa 4 na nusu. Ila kuna vitu wauzaji hawakwambii. SX740 haina kile kitundu cha kuweka jicho, unatazama kioo cha nyuma tu, na wewe unajua jua la saa nne pale Manyara lilivyo, kioo unakiona cheusi unabaki unabahatisha. P950 kitundu ipo, unaibana usoni, mikono inatulia. Pia P950 inatoa RAW, yaani picha ghafi ambayo unaweza kuirekebisha zaidi baadaye, ile ndogo inatoa JPEG tu, picha za kawaida zilizokwisha kubanwa.

Na kwa kazi yako nenda kafikirie vifaru wa Ngorongoro. Gari haliruhusiwi kutoka barabarani, kifaru yuko kulee anakula, mgeni kalipa hela zake anaoneshwa kidoa. 960 utaona ni kifaru. 2000 utaona pembe na vindege mgongoni.

Binti wa Lushoto

Mzee Tumbusi shikamoo ila leo tutabishana. Umemwambia habari za mchana peupe tu. Huyu kijana wageni wake watataka na Arusha National Park, mle kwenye msitu mbega wako juu ya miti kivuli kitupu. Hapo hizo kamera zote mbili zinakufa. P950 ukivuta mpaka mwisho tundu la lenzi linabaki f/6.5, SX740 f/6.9 (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo), yaani mwanga hauingii, ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, inapanda, mbega anatoka chengachenga.

Mimi ningemwambia atafute ya mfukoni yenye sensa ya inchi moja. Ile ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake kama mara nne ya hizo mnazozitaja. Sony RX100 VII ipo, gramu mia tatu na kidogo, na kitundu cha kuchungulia inacho, kinachomoka juu kama hutaki unakirudisha. Fokasi yake inamng'ang'ania mnyama kweli.

Tumbusi Mzee

Marahaba binti yangu. RX100 VII inaishia 200. Mia mbili! Huyo mbega wako atakuwa mzuri, msafi, na mdogo kama sisimizi. Halafu ilitoka 2019 kwa dola 1,200 wakati P950 ilitoka 2020 kwa dola 800. Mwenzetu kasema milioni mbili.

Binti wa Lushoto

Sawa kwenye bei umenishika. Kuna Panasonic TZ200 basi, inchi moja, inafika 360, bado mfukoni. Au akitaka briji na sensa kubwa kwa pamoja kuna FZ1000 ya 2014, inafika 400 na tundu haliporomoki zaidi ya f/4, za mtumba zinapatikana. Nachosema tu ni kwamba kivulini picha ya 400 yenye mwanga inatoka na chengachenga chache kuliko hiyo ya 2000, hata kama mnyama anatoka mdogo.

Otieno wa Lenzi

Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, weekend napenda kuingia Nairobi National Park au kuteremka Nakuru. Natumia Panasonic FZ300 miaka sasa. Watu huiona ya kizamani, ni ya 2015 na ina megapikseli 12 peke yake, lakini lenzi yake ni 25 mpaka 600 na iko f/2.8 mwanzo mpaka mwisho, haishuki. Na imezibwa dhidi ya vumbi na matone ya mvua, kitu ambayo hizo zingine mnataja hazina. Kwa mtu anashinda kwa gari wazi kila siku mimi ningeangalia hiyo kwanza. Ubaya 600 kwa ndege wadogo ni fupi, siwezi kudanganya.

Jombi la Picha

Si achukue P1000 tu, mara 125, milimita 3000, awapige picha mwezi wageni wake usiku 😂

Tumbusi Mzee

Jombi ile ina kilo 1.4, utaibebea punda? Na hizo 3000 mbugani mchana hazikusaidii. Kuanzia saa nne tano hivi ardhi ikishapata moto, hewa inacheza. Ukitazama mbali vitu vinatetemeka vyenyewe kama viko nyuma ya moshi. Kamera haina kosa, unapiga picha ya hewa. Watu wengi wanarudisha hizi kamera dukani wanasema zumu mbovu kumbe walipiga saa saba mchana mnyama yuko nusu kilomita. Zumu ndefu ni ya asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na jioni tena kuanzia saa kumi hivi. Mchana piga vya karibu, vya mbali tazama kwa macho tu.

Mwana wa Sanawari

Aisee nashukuru sana wakuu, hilo la hewa kucheza nimeliona kwa macho sana tu sikujua linaingia kwenye picha. Dada wa Lushoto nimekuelewa ila kazi yangu asilimia kubwa ni peupe, msituni naenda kwa nadra. Sasa swali, mkono wangu mmoja uko kwenye usukani, hiyo kilo nzima nitaishikaje kwa 2000 bila kutetemeka? Na ndege akihama tawi si ndiyo nimempoteza mazima?

Tumbusi Mzee

Usipige unaendesha, simama. Simama kisha ZIMA INJINI, landkruza ikiunguruma hata ungekuwa na mikono ya chuma picha inatikisika. Waombe wageni watulie sekunde mbili, mtu mmoja akihamisha makalio gari zima linayumba. Halafu shona mfuko wa kitambaa kigumu, tia mchele au maharage robo tatu usijae sana, laza kwenye dirisha, kamera juu yake. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari ni usumbufu tu.

Shata, yaani muda wa kupiga picha, usiiache iwe ya polepole kuliko 1/500 ya sekunde ukiwa umevuta sana, ndege akiwa hatulii nenda 1/1000 na zaidi. Kitulizi cha lenzi kinasaidia mtetemo wa mikono yako, hakimtulizi ndege.

Kumpoteza ndege kupo. P950 ina kitufe ubavuni mwa lenzi, ukikibonya inarudi nyuma kwa muda unamtafuta, ukiachia inarudi pale ulipokuwa. Kitumie mpaka kidole kizoee bila kuangalia. SX740 nayo inacho cha namna hiyo.

Fundi Lenzi K/koo

Natengeneza hizi mashine kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Kamera yoyote ambayo lenzi inachomoka na kurudi inavuta hewa, na hewa ya huko kwenu ni vumbi. Ya mfukoni ndiyo mbaya zaidi maana mtu anaitia mfukoni pamoja na mchanga, sarafu, nyuzi za nguo, ikiwashwa inavuta vyote. Vumbi likishakaa kwenye sensa huwezi kulifuta mwenyewe, kamera inafunguliwa yote, na gharama yake kwa kamera ndogo mara nyingi haina maana. Kwa hiyo aliyesema ya mfukoni ni rahisi kubeba amesema kweli, ila mfukoni usiitie bila kipochi.

Ukinunua mtumba fanya hivi mbele ya muuzaji. Weka f/8, piga picha anga jeupe, ikuze kwenye kioo utafute madoa, halafu vuta zumu upige tena, madoa yakikaa palepale ujue yako kwenye sensa. Vuta zumu mpaka mwisho na kurudi mara kadhaa usikilize, ikikwaruza au ikasita katikati, mshukuru uondoke. Lenzi ikiwa nje ishike kwa upole itikise, kucheza kidogo kawaida, kuning'inia hapana. P950 mbele inapokea filta ya milimita 67, funga ya kawaida tu isiyo na rangi, vumbi na mikono ya watoto viishie hapo.

Mama Korongo

Mwanangu mimi nimeongoza watu wa ndege muda mrefu, wote hapo juu wamesahau darubini. Kama huna darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, vioo vya mbele milimita 42) nunua hiyo kwanza hata ya bei ya kati. Kamera inakupa ndege baada ya kumpata, darubini ndiyo inayompata. Ukimtafuta heroe mwenye kilema katikati ya maelfu kwa zumu ya 2000 utazeeka.

Na WhatsApp inabana picha, ukimtumia mgeni kawaida anapata takataka halafu anasema kamera yako mbovu. Mtumie kama dokumenti. Hiyo Nikon inaunganika na simu kwa waifai, unahamisha tatu nne nzuri wakati wa chakula cha mchana, usihamishe zote.

Mwana wa Sanawari

Mama shikamoo, darubini ninayo ya kurithi, iko poa. Nimeamua P950, kuna jamaa anauza iliyotumika hapa mjini, naenda na mbinu za fundi za kupiga anga. Ya mfukoni nimeiacha kwa sababu vitu vya karibu na usiku kambini simu yangu inavimudu vizuri tu, sioni SX740 itaniongezea nini huko. La mwisho, chaji yake vipi? Kambi za Serengeti umeme wenyewe wa kugawana.

Tumbusi Mzee

Chaji ndogo, Nikon wenyewe wanakadiria picha 290 kwa betri moja, na ukipenda kuvutavuta zumu na kuwaonesha wageni kioo kila saa hutazifikia. Nunua betri ya pili, inaitwa EN-EL20a, usikubali ya jina lingine. Inachajiwa ikiwa ndani ya kamera kwa waya wa USB, kwa hiyo hata kwenye gari mkiwa njiani inawezekana. Ila tundu lake ni lile la zamani la micro, waya wa simu yako hautaingia, muulize huyo jamaa kama wake bado anao kabla hujamhesabia hela.