Inteki ya hewa baridi na maji ya Jangwani: ni kweli inaweza kuua injini?

BintiKimara

Wakuu habari za jioni. Nina Altezza RS200, namba D, gia sita za mkono. Aliyeniuzia alishatoa boksi la eya klina la kiwandani akaweka inteki ya hewa baridi: bomba la alumini linashuka kutoka kwenye injini, linaingia ndani ya fenda hadi nyuma ya bampa, na huko chini ndiko imefungwa filta, ile yenye umbo la koni. Mlio wake ni mtamu, na usiku barabara ikiwa nyeupe gari linavuta vizuri.

Sasa masika yameanza. Kila asubuhi natoka Kimara kwenda Kariakoo, na mnajua Jangwani inavyokuwa Msimbazi ukijaa. Barabara ikifungwa nazungukia Kigogo, nako maji ni yale yale. Jirani yangu kaiona hiyo filta akaniambia nitaua injini mvua hizi hizi. Nimempigia aliyeniuzia, anasema filta haipitishi maji, niache woga. Nimsikilize nani?

Mzigo_Mzito

Endesha gari mkuu. Mimi nina Subaru yenye inteki kama hiyo, mvua zote zinanikuta barabarani na sijawahi kuona shida. Hata maji yakiingia kidogo, injini ina moto, yanageuka mvuke yanatokea kwenye ekzosi.

FundiGerezani

Dada, msikilize jirani. Na mkuu hapo juu, naomba nikusahihishe kwa heshima, maana watu watasoma hapa halafu kesho waingie kwenye maji.

Mvua si tatizo. Matone na maji yanayorushwa na tairi ya gari la mbele, filta inayastahimili vizuri tu, ndiyo maana Subaru yako haijakusumbua. Tatizo ni filta kuzama. Ikizama yote, injini haina pengine pa kuvutia hewa, na yenyewe haijui kama hiki ni hewa au ni maji, inavuta. Injini ya lita 2 ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika na mafuta yamekanyagwa mpaka chini inaweza kumeza karibu lita 3,000 za hewa kwa dakika moja. Uvutaji huo ukikutana na maji, kitambaa cha filta hakizuii kitu.

Habari ya mvuke iacheni kabisa. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Tufanye hesabu ya gari la dada. Injini ya RS200 ni 3S-GE, cc 1,998, silinda 4, kwa hiyo kila silinda ni kama cc 500. Ile ya gia za mkono inabana 11.5 kwa 1. Maana yake pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni mililita 48 hivi. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa chungu ya kijiweni! Maji yakizidi hapo ndani ya silinda moja, pistoni haiwezi kufika juu, lakini krenki, ile shafti ya chini inayozunguka, inaendelea kuisukuma kwa nguvu zote za gari linalotembea. Kinachopinda ni konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki.

Masika yaliyopita kijana mmoja aliletwa hapa gereji na gari la kuvuta, gari lake lilimzimikia Mkwajuni. Filta ilikuwa nyuma ya bampa kama yako. Lilipozima, watu wakamzunguka: piga stata, piga tena. Akapiga. Likawaka, likawa na mtetemo kidogo, akaondoka amefurahi. Wiki kadhaa baadaye, akiwa mwendo kasi, konrodi iliyokuwa imepinda ikakatika na kutoboa bloku. Nilitia vidole kwenye lile tundu. Injini nzima ikawa chuma chakavu, na alikuwa bado anadaiwa hela ya gari. Mambo haya yananiuma, kwa sababu boksi la kiwandani lilikuwa stoo kwao.

Dada, chukua futi upime kutoka chini barabarani hadi sehemu ya chini ya filta, uje utuambie. Na ukubwa wa tairi pia.

BintiKimara

Asante sana fundi. Nimepima sasa hivi na tochi ya simu: sentimita 27. Tairi ni 215/45 ring'i 17.

Aliyeniuzia kanitumia picha ya soksi ya kuvalisha filta, anasema inafukuza maji. Na nimesikia kuna vali inayofungwa kwenye bomba ili filta ikizama injini ivutie hewa juu. Hivyo vinasaidia?

Kilombero_4x4

Mimi huku Ifakara natumia Hilux ya dizeli, nimefunga snokeli, bomba linapanda mpaka usawa wa paa. Sina wasiwasi na maji ya mto wowote. Mnaoshusha filta chini mmeelekea upande usio sahihi.

FundiGerezani

Kilombero, snokeli ni kitu kizuri, ila fungua boneti uangalie viungio. Nyingi zinazouzwa mjini ni urembo: juu kuna bomba, lakini kwenye boksi la filta kuna mwanya unaopitisha kidole. Maji yakifika kwenye boneti yataingilia hapo, na dizeli inabana zaidi ya petroli, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo zaidi. Na kuhusu mto: maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 yanabeba hata pikapu. Snokeli haishikilii gari lisisombwe.

Dada, turudi kwako. Tairi ya 215/45 ring'i 17 ina urefu wa sentimita 62 na kidogo. Nusu yake ni 31. Filta yako inaanzia 27. Kwa hiyo maji yakifika katikati ya ring'i, mahali ambapo madereva wengi wa mjini wanasema "panapitika", wewe sehemu ya filta imeshakuwa ndani ya maji. Hapo maji yametulia. Gari likitembea linasukuma wimbi mbele ya bampa, na filta yako ipo hapo hapo nyuma ya bampa. Halafu daladala inakuja upande wa pili dereva hajapunguza mwendo. Wimbi lake linakukuta hata kama wewe umeenda taratibu kwa adabu zote.

Soksi inasaidia kwa maji ya kurushwa. Ikizama haina kazi. Vali ipo kweli, AEM wa Marekani waliitengeneza: inakaa juu kwenye bomba, filta ikizama inafunguka na hewa inaingilia hapo. Lakini lazima yenyewe ibaki juu ya maji, na haifai kwa injini za turbo, kwa hiyo wenye Subaru za turbo wasiinunue. Yako haina turbo, ingekubali. Bado nisingekushauri. Unaongeza kitu cha kulinda kitu ambacho hukihitaji.

Maana faida yake ni ipi? Hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni zaidi, hiyo ni kweli. Ila injini yako inatoa nguvu farasi 210 ikiwa kwenye mizunguko 7,600. Huko juu ndiko utasikia tofauti, tena ndogo. Foleni ya Magomeni unaishi kwenye 1,500. Na boksi la kiwandani nalo linavuta hewa ya nje, linaichukua juu mbele, si hewa ya moto ya injini kama wanavyodhani vijana.

Kabla hujabadilisha, likizima ndani ya maji: zima swichi, usipige stata hata mara moja, hata umati ukipiga kelele. Livutwe. Fundi atoe plagi zote nne kwanza, achomoe soketi za koili na za nozeli, azungushe krenki kwa spana, kwa mkono. Ikizunguka bila kugoma ndipo apige stata plagi zikiwa nje, maji yaruke. Aangalie oili, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwagwe yote na filta yake ibadilishwe. Kisha apime kompresheni, silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake asikurudishie gari akikwambia "litazoea".

Mzigo_Mzito

Nimekusoma fundi. Sikuwahi kufikiria habari ya hicho kikombe. Subaru yangu ni turbo na filta nayo ipo chini. Kesho napima.

BintiKimara

Fundi Mungu akubariki. Nimeamua, natoa. Boksi la zamani aliyeniuzia hajui lilipo. Nikienda Shauri Moyo kutafuta niangalie nini? Na hili likitokea kabla, bima inalipa?

FundiGerezani

Kama ni bima ndogo, hailipi injini yako. Kama ni kubwa, soma mkataba kama mafuriko yamo, na wajulishe kwa maandishi kuhusu inteki ikiwa bado ipo kwenye gari.

Boksi: sema RS200, injini 3S-GE. Kuna Altezza za silinda sita, boksi lake wasikupe. Hakikisha klipu zote zipo na zinabana, mpira unaokwenda kwenye throto haujapasuka kwenye mikunjo, na chukua pia kile kipande cha mbele kinachochukua hewa juu. Wauzaji wengi wanakibakisha wakidhani ni plastiki tu. Sensa ya hewa ihamishwe kwa uangalifu. Filta nyingi za koni zinapakwa mafuta, na mafuta yakifika kwenye waya wa sensa gari linakosa nguvu, kwa hiyo isafishwe kwa dawa yake siku hiyo hiyo.

Mpaka upate, anga likiwa jeusi upande wa Pugu na Kisarawe acha gari Kimara, panda mwendokasi. Jangwani ikifungwa nao husimama, basi siku hiyo omba ruhusa kazini.